Chachu Iliyoshikwa Darajani

Lubarika, tarehe 10 Novemba 2002

Yaya Gloriose,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yupo, Charlotte yupo na tumbo lake limeshuka, mimi nipo. Mihogo tumeing'oa kabla ya wakati wake, kwa sababu tusiyoing'oa sisi hung'olewa na wengine.

Habari ya mwisho ni hii, na aliyeisema ni mdogo wetu Charlotte, anayelala chumba kimoja na Mama: Mama hajameza bugali tangu Jumatano. Anakunywa chai ya mchaichai na kula ndizi moja kwa siku. Muuguzi amempima akasema hana homa wala kuhara, na moyo wake unapiga kama wa mtu yeyote wa miaka sabini na miwili. Nilimuuliza mwenyewe anataka nini. Alisema: "Gofri."

Nilidhani anatania. Akarudia: "Gofri ya masista, ya asubuhi."

Chuma cha gofri, cha kuokea ile mikate ya vishimo, kiko hapa. Unakumbuka siku tulipokimbia Uvira: aliacha godoro akabeba chuma, kilo nne na nusu, zile sahani mbili za vishimo alizoachiwa na masista wa misheni baada ya kuwapikia miaka kumi na saba. Wewe dada mkubwa uliyebaki ulimcheka. Kinachokosekana sasa ni levire, hamira ya dukani. Tangu mpaka wa Bujumbura ufungwe nimeuliza maduka sita, hakuna hata kijiko.

Mama wa ndagala, muuza dagaa anayebeba barua hii, anasema unaokea wagonjwa wa dispensari mikate bila levire. Sijui kama ni kweli. Kama ni kweli, unafanyaje?

Mwambie Révérien kwamba mke wake Charlotte anahesabu wiki sasa, si miezi. Paa la dispensari wengine watalimaliza.

Mdogo wako,
Herménégilde

*

Uvira, tarehe 1 Desemba 2002

Mdogo wangu Gilde,

Barua yako imetumia siku kumi na nane kwa kilomita sitini. Ilinuka ndagala lakini inasomeka. Kwetu ni wazima. Kipindupindu kimerudi mtaa wa chini, dispensari ina vitanda kumi na viwili na wagonjwa thelathini na mmoja. Risasi zilisikika Jumanne, mbali. Wiki hii nimelala vizuri mara mbili.

Umeondoka radioni mwaka wa pili huu na bado unaandika kana kwamba unasoma habari. Nani kasema, lini, kwa ushahidi gani. Haya, nakujibu hivyo hivyo.

Ni kweli. Ninaoka kwa chachu. Ni unga wa ngano na maji tu, ndani ya chupa yenye mdomo mpana, vikaachwa vichachuke vyenyewe. Siku tatu za kwanza vinanuka kama soksi za askari. Siku ya nne au ya tano vinanuka kama ndizi zilizoiva kwa pombe, vinatoa mapovu, ndipo vinafaa. Kuanzia hapo kila asubuhi unatoa nusu. Usipoitoa, chachu inafurika, kisha inachoka. Nusu inayobaki unailisha unga na maji mapya.

Ile nusu iliyotolewa nilikuwa nikiimwaga. Sista Generose wa dispensari alinikuta akasema: "Gloriose, unamwaga unga, mwaka kama huu?" Ndipo nikakumbuka kuwa masista wa Mama nao walikuwa na chupa, na gofri zao za asubuhi zilitoka katika makombo ya chupa hiyo. Mimi sina chuma, kwa hiyo namimina kwenye kikaango. Kinatoka kitu kisicho na jina. Wagonjwa wanakila.

Mpe Mama maelezo haya, ingawa anayajua. Makombo ya chachu bakuli moja, yai moja, mafuta vijiko viwili, sukari kama ipo, chumvi kidogo, na mwisho kabisa bikarbonate ncha ya kijiko. Uji utapanda kama povu la sabuni. Mimina ndani ya chuma kilichopata moto na kupakwa mafuta, ukifunge. Fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, kisha geuza. Fungu jingine, fungua.

Chachu mbichi isingefika. Nimeipaka nyembamba juu ya gunia safi, nikaikausha kivulini siku mbili, nikaivunja punje punje. Ili isimwagike nimeishona ndani ya kipande cha kitenge changu chekundu, kidogo kama kiberiti. Révérien ataivaa shingoni kwa uzi, maana kila kinachoingia mfukoni mwake hupotea. Anaondoka keshokutwa, Jumanne, kwa kinga yake, ile baiskeli ya kazini. Barua hii anayo yeye.

Ikifika: iamshe kwa maji ya uvuguvugu. Ilishe kila asubuhi. Isiguswe na chumvi mpaka siku ya kupika. Usiifunge kabisa, inahitaji kupumua. Siku ya tano itaamka.

Yaya wako,
Gloriose

*

Lubarika, tarehe 19 Desemba 2002

Yaya,

Charlotte amejifungua salama tarehe 9, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro. Anaitwa Irankunda. Mama amemshika mtoto akasema ana masikio ya ukoo wetu. Mama mwenyewe bado anaishi kwa ndizi na chai. Mikono yake imekuwa myepesi sana.

Révérien hajafika. Sijui kama ulimpa barua, kwa hiyo sijui uliandika nini.

Ninachojua kimesemwa na mama wa ndagala, aliyepita jana. Révérien yuko kwenye barieri, kizuizi cha askari cha darajani, baada ya Mutarule, tangu tarehe 3. Walimkuta na hirizi nyekundu shingoni, ina unga ndani. Wenye barieri wanasema ni dawa ya vita, ya wale wa milimani, ile ambayo mtu akiivaa risasi inageuka maji. Wenye dawa ya namna hiyo hawarudi kwao. Nilimuuliza kama alimwona kwa macho. Alisema alimwona kwa mbali, amekaa chini mlangoni mwa ghala la pamba, hana viatu.

Charlotte nimemwambia amezuiwa kwa ajili ya karatasi. Hirizi sijamtajia.

Révérien ni Mkatoliki na ni fundi wa mapaa. Hajavaa hirizi maishani mwake. Ile nyekundu ameitoa wapi?

Herménégilde

*

Mutarule, tarehe 8 Januari 2003

Gilde,

Noeli njema iliyopita na mwaka mpya. Pongezi kwa Charlotte. Barua yako ya tarehe 19 niliipata tarehe 30. Hirizi ameitoa kwangu. Niliishona mwenyewe, kwa uzi maradufu.

Nilikuja hadi Mutarule kwa gari la dispensari na Sista Generose, ambaye hupita kila wiki mbili na sanduku la chanjo. Nimelala kwa mke wa katekista. Barua hii iko chini ya chanjo, huko hawajafungua bado, kwa hiyo nasema yote.

Jumatatu nilikwenda darajani. Komanda ni mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, hapendi kupaza sauti. Aliweka kifurushi changu juu ya meza.

"Mama, hii iko nini?"

"Iko chachu, komanda."

"Ya kufanya nini?"

"Ya mkate. Ya gofri."

"Weye unashonaka mkate ndani ya kitambaa?"

"Niliogopa itamwagika."

"Na kuivaa mu shingo?"

"Huyu shemeji wangu anapotezaka vitu."

Askari mmoja alicheka. Komanda hakucheka. Alitoa barua yangu, ile ya tarehe 1 ambayo hukuipata, akaisoma kwa sauti. "Isiguswe na chumvi. Ilishe kila asubuhi. Siku ya tano itaamka." Akaikunja. "Mama, minye niko mu vita mwaka wa saba. Masharti ya namna hii nayajua."

Nilimwambia masharti ya mkate nayo ni masharti. Alifikiri kidogo. Kisha akasema: "Basi iamuke hapa, mbele yangu. Siku tano. Ikiamuka, tutakula hiyo gofri yako, na mutu wako ataenda. Isipoamuka." Hakumaliza, nami sikumwomba amalize. Akachukua lesepase yangu, karatasi ya kupitia barieri, akaitia mfukoni mwake.

Révérien nimeruhusiwa kumwona dakika chache. Amekonda, anakohoa. Anasema hajapigwa tangu Noeli. Kabla ya Noeli hakusema. Aliniuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, nikamwambia, akageuka akatazama ukuta wa ghala.

Komanda anataka gofri, si chapati. Anataka aone kitu kile kile kilichoandikwa kwenye barua. Chuma kiko kwenu. Kutoka Lubarika hadi darajani ni mwendo wa saa nne kwa miguu.

Jambo la mwisho. Alisoma jina juu ya bahasha akauliza: "Huyu Herménégilde Nizigama iko yule wa radio?" Nilisema ni mdogo wangu. Alisema: "Sikuuliza hilo."

Utakileta chuma wewe mwenyewe?

Gloriose

*

Lubarika, tarehe 13 Januari 2003

Yaya,

Sote tuko. Mvua imebomoa ukuta wa jiko upande wa choo. Kuku wawili wamekufa kwa kideri, watatu wamebaki, na jogoo.

Chuma kitafika Alhamisi tarehe 16, kabla ya saa sita. Mama amekisugua kwa majivu na kukipaka mafuta ya mawese. Anakuambia usikioshe kwa sabuni.

Charlotte amejua yote. Atakileta yeye.

Herménégilde

*

Mutarule, tarehe 27 Januari 2003

Gilde,

Chuma kilifika siku uliyosema. Kililetwa na mwanamke aliyejifungua wiki tano zilizopita, mtoto mgongoni, kilo nne na nusu kichwani. Sikumuuliza swali. Alikaa dakika kumi na mumewe, askari akiwa kati yao, kisha akarudi.

Habari uliyoingoja ni kwamba Révérien ameachiliwa jana, Jumapili, saa tano asubuhi, kwa kauli ya komanda mbele ya askari wake. Anayekupa barua hii ni yeye. Mtazame umsome vizuri, mimi nakueleza ilivyokuwa.

Tulianza Jumatatu tarehe 20. Komanda alifumua kitenge kwa kisu chake, akamimina punje ndani ya kikombe cha bati. Nilimwomba aache nusu. Mama alitufundisha tusimalize kitu kwa mara moja. Akaacha nusu. Nikatia maji kutoka bido lao, dumu la askari, na unga. Wana magunia ya ngano, sikuuliza ya nani. Kikombe kiliwekwa juu ya meza ya barieri na askari wa zamu alikilinda kwa bunduki, kama mfungwa wa pili.

Siku ya kwanza hakuna kitu, ni kawaida. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu ilipaswa kuwa na mapovu. Hakuna hata moja. Ilikuwa uji mweupe uliolala. Askari walipita mmoja mmoja wakichungulia. Mmoja alimwambia mwenzake, "Imekufa hii," na mwenzake akatazama upande wa ghala.

Niliinama nikanusa. Haikunuka soksi wala ndizi. Ilinuka javeli, dawa ya kuulia vijidudu vya maji. Walipata wagonjwa wa kipindupindu mwezi wa kumi na mbili, na tangu hapo mlinzi wa maji anatia javeli katika kila bido, tena kwa mkono mpana. Javeli inaua kipindupindu. Na chachu pia ni kitu hai.

Hapo nilifanya kosa. Nilisema: "Komanda, maji haya hayafai. Nipe maji ya mto."

Askari aliyekuwa anapiga ndala yake chini aliacha. Komanda akasema taratibu: "Maji ya mto." Nilielewa nilichosema nilipokwisha kukisema. Dawa ya wale wa milimani inatengenezwa kwa maji ya mto, hilo linajulikana na kila mtu wa bonde hili, na mimi nilikuwa nimeyaomba kwa mdomo wangu.

"Hapana," nikasema. "Maji yenu haya haya. Lakini yachemshwe mbele yako, kisha yakae wazi bila kifuniko mpaka kesho."

"Kwa nini?"

"Harufu ya javeli itoke. Javeli inaua chachu."

"Na maji ya mto?"

"Sina haja nayo tena."

Alitazama saa yake, sijui kwa nini. Akaita maji yachemshwe. Siku zikahesabiwa upya kwa ile nusu iliyobaki: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nilimwambia siku tano ni za kawaida, lakini sikuthubutu kuomba zaidi ya Jumapili. Ijumaa kulikuwa na mapovu manne. Nimeyahesabu. Jumamosi nililisha mara mbili. Niliweka alama kwenye kikombe kwa makala, kipande cha makaa, ili asije mtu akasema anadhani imepanda au anadhani haikupanda. Jumapili asubuhi ilikuwa imevuka alama kwa vidole viwili na kuchuruzika juu ya meza ya barieri. Askari wa zamu aliondoa daftari lake la magari.

Gofri ya kwanza alipewa Révérien, ya pili mimi, kwa hofu ya sumu. Komanda alingoja saa nzima kwa saa ya mkononi. Zilizobaki zikapoa. Kisha akala moja amesimama.

"Iko chachu," alisema.

"Ndiyo jina lake, komanda."

Akala tatu. Akasema Révérien aende. Nilianza kufunga chuma kitambaani. Akasema: "Weye ubaki. Askari yangu wanakulaka bugali na maharagwe kila asubuhi, miezi tisa sasa." Lesepase yangu bado iko mfukoni mwake.

Révérien ana gofri nne za Mama. Zitakuwa ngumu. Azichovye katika chai.

Gloriose

*

Lubarika, tarehe 16 Februari 2003

Yaya Gloriose,

Salamu za wote, na za Révérien kwanza. Alifika tarehe 27 kabla jua halijazama, akisukuma kinga yake. Kikohozi kinapungua. Haongei sana. Anatengeneza ukuta wa jiko kwa siku ya nne sasa, ukuta wa mita mbili. Charlotte anasema tumwache.

Mama alikula gofri moja na nusu iliyochovywa katika chai. Alisema, na nilikuwepo: "Mafuta yamezidi. Na aliyezipika alikuwa na haraka." Kesho yake aliomba bugali. Anakula sasa, kidogo, mara mbili kwa siku. Anauliza kila asubuhi wewe umelala wapi. Tunamwambia Mutarule, kwa mke wa katekista. Anasema Mutarule si kwako.

Nimekwenda kwa chifu. Alisema ataandika barua kwa komanda. Nilirudi baada ya wiki, akasema bado anatafuta muhuri. Nimekwenda kwa padri, yuko safarini Bukavu, kwa kauli ya mpishi wake.

Kuhusu swali lako la tarehe 8 Januari, la kukileta chuma mwenyewe, nitakuandikia barua nyingine.

Herménégilde

*

Mutarule, tarehe 9 Machi 2003

Gilde,

Sasa hata mfuko wa Sista unafunguliwa. Barua hii itasomwa njiani. Namsalimu anayeisoma, na namwomba airudishe ndani ya bahasha.

Mimi ni mzima. Mgongo unauma kwa kuinama juu ya makala. Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu na katekista saa kumi na mbili, na saa moja nilikuwa napika gofri sitini. Nakula makombo ya watu wanaokula makombo ya chachu. Nimechoka, Gilde. Sisemi hivyo unihurumie, nasema kwa sababu ni kweli na wewe unapenda yaliyo kweli.

Barua yako nyingine haijafika. Labda imechelewa njiani.

Nimepata njia. Komanda alisema nitaondoka siku atakapopatikana mtu wa kupika kama mimi. Nikamwomba mtu. Akanipa askari wake Léopold Ndahiro, mfugaji wa juu ya Mulenge, miaka thelathini na miwili, aliyekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Ana subira na ana mikono misafi. Analisha chachu vizuri, mtu wa ng'ombe anajua kitu hai hakina sikukuu. Ametafuta hata siagi ya kwao ya kupaka chuma, bora kuliko mafuta yetu.

Lakini alikuwa anaunguza. Kila gofri, wiki mbili, nyeusi. Nilibadilisha makala, nilipunguza mafuta, hakuna. Nilipomwanzisha nilimwambia: fungu moja la rozari kila upande. Akasema, "Mama, minye niko Protestanti." Nikamwambia basi Baba Yetu sita, ni muda ule ule, niliupima. Ijumaa nilikaa karibu naye nikamsikiliza. Alisema Baba Yetu mpaka "utuokoe na yule mwovu". Nikanyoosha mkono kuhesabu ya pili, na yeye bado anaendelea: ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele, amina. Mara sita.

"Léopold, Baba Yetu ya kwenu iko na mkia."

"Ndiyo sala, mama. Ya kwenu imekatwa."

"Hiyo mkia ndiyo inaunguza."

"Sitakata Neno la Mungu juu ya gofri."

Tumepatana: Baba Yetu nzima, nne. Za jana zilikuwa za kahawia.

Nilimwambia komanda. Amesema Alhamisi tarehe 20 Machi, saa moja asubuhi, Léopold atapika peke yake, mimi nikiwa nje ya ua. Akiridhika, lesepase yangu itarudi na nitavuka kuja kwenu kumwona Mama. Chuma na kikombe vinabaki. Mwambie Mama taratibu.

Anataka jamaa yangu mwanamume aje kunipokea darajani, aandikwe jina. Révérien asije, hapaswi kuliona lile ghala tena.

Na komanda amenipa ujumbe wa kukupa wewe. Ninaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie yule wa radio: alisema askari wangu waliokimbia ni kumi na moja. Walikuwa saba."

Gloriose

*

Lubarika, tarehe 16 Machi 2003

Yaya Gloriose,

Barua yako ya tarehe 9 imefika leo mchana. Sista Generose aliyeileta amesema, kwa kauli ya komanda aliyezungumza naye jana darajani, kwamba mtihani wa Alhamisi haujabadilika, na kwamba gofri za Léopold za Ijumaa zilikuwa nzuri upande mmoja.

Sote tuko. Irankunda anacheka. Mama nimemweleza kuhusu chuma. Aliuliza kama huyo Mprotestanti anakiosha kwa sabuni. Nilisema sijui. Alisema niulize.

Barua nyingine niliyokuahidi sikuiandika. Niliianza mara tatu. Nilimpa Charlotte chuma akibebe akiwa bado anatokwa damu, na nilimwona akipinda kwenye kona ya shule ya zamani, nikaingia ndani nikahesabu kuku. Hayo ndiyo yaliyotokea. Sina maelezo mengine ambayo yangesimama.

Kwa anayesoma barua hii njiani, na kwa komanda, nina jibu. Nilisema kumi na mmoja hewani tarehe 14 Juni 2001, habari za jioni, kwa kauli ya watu wawili ambao hawakuwa pamoja. Sikumuuliza yeye, na nilipaswa kumuuliza. Kama anasema saba, nitayaandika maneno yake pamoja na yale ya wale wawili, na jina lake juu yake. Anieleze tu akiwa mbele yangu.

Ratiba ni hii. Jumatano tarehe 19 nitalala kwa binamu yetu karibu na mashamba ya pamba, upande wetu. Alhamisi tarehe 20 nitakuwa darajani saa nne asubuhi, kwa kinga ya Révérien. Nitaandikisha jina langu lote: Nizigama Herménégilde, mdogo wa Gloriose. Nina kitambulisho kimoja, nguo ya kubadilisha na blanketi. Ukivuka, kinga ni yako. Nikiambiwa nibaki, Révérien atakungoja kwa binamu mpaka saa kumi, na mtafika nyumbani kabla ya giza.

Herménégilde